Nilipomtetea Mkurugenzi Juu ya Dungu

Yule mkurugenzi hanijui. Nalisema hilo mapema kwa sababu kwa miezi kadhaa niliongea kana kwamba tumezaliwa tumbo moja. Anakaa ng'ambo, anaongoza kampuni ya kutengeneza gemu, na mwaka ule kila mchezaji niliyemjua alikuwa anamtukana. Mimi nilimtetea. Nilimtetea kwa bando langu mwenyewe na vidole vyangu mwenyewe, nikiwa nimekaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia shamba, katikati ya mpunga wa mama yangu huko Chara, mahali nilipopelekwa kufukuza ndege.

Nina chumba cha gemu pale Garsen. Kina televisheni tatu, viti vya plastiki, na padi sita ambazo mbili zake zina vitufe vilivyokufa. Watu huja kucheza mpira wa kwenye skrini. Anayefungwa anainuka, mwingine anakaa. Mapema mwaka huo niliongeza bei kidogo, kwa sababu stima ilikuwa imepanda na padi zilikuwa zinavunjwa na watu wazima wasiojua kufungwa. Loo! Niliitwa mwizi, nikaitwa mnyonyaji. Dereva mmoja wa bodaboda aliapa kwamba hatakanyaga kwangu tena, na kesho yake alikuja, akacheza, akaniita mwizi huku ameshika padi yangu.

Basi yule mkurugenzi alipotangaza kwamba gemu ya zamani itazimwa, kwamba anayetaka kuendelea anunue mpya, na kwamba wengi waliotengeneza ile ya zamani wanapewa barua za kwenda nyumbani, watu walichachamaa. Tuna kundi letu mtandaoni, Wakenya wapenzi wa gemu kutoka kila pembe, na humo kila mtu alikuwa na tusi lake. Ana tamaa. Hana roho. Anatufanya wajinga. Nilisoma matusi yale nikayatambua, maana yalikuwa yaleyale ya kwangu, yameongezwa ukubwa tu. Nikajiona nimepata ndugu.

Na hoja zangu hazikuwa za kipumbavu. Hata leo nikizisoma naona baadhi yake zilisimama vizuri. Gemu ya mtandaoni si mpira wa matambara ambao unaufunga mara moja ukaucheza mpaka uchanike. Kuna mashine mahali fulani zinazounguruma mchana kutwa ili mtu wa Garsen acheze na mtu wa Kisumu, na mashine hizo zinakula stima, na kuna watu wanaolipwa kuziangalia. Wachezaji wakipungua, gharama haipungui. Asiyekubali kufunga kinachomla mwishowe atafunga vyote. Kuhusu wale waliopoteza kazi, niliandika kwamba inasikitisha, lakini kuongoza ni kufanya uamuzi mgumu. Niliipenda sana sentensi hiyo. Mimi sijawahi kumfuta mtu kazi, kwa sababu sijawahi kumwajiri mtu.

Adui yangu mkubwa kundini alikuwa mtu mmoja wa Mombasa ambaye picha yake ilikuwa ya paka aliyevaa miwani. Aliniuliza, "Msee, unalipwa ngapi kutetea huyu sonko?" Nikamjibu kwamba tajiri huyo hanilipi, natumia akili. Akaandika, "Huyo akikukanyaga mkono hatageuka hata kuangalia amekanyaga nini." Hiyo iliniuma. Nilikaa siku nyingi nikitafuta jibu la kummaliza.

Siku hizo ndipo mama alipopasuliwa jicho huko Malindi, kutoa mtoto wa jicho. Alirudi nyumbani Chara na kitambaa usoni na maagizo ya daktari: asiiname, asibebe mzigo, asisugue jicho, na asilie. Mama alicheka hapo kwenye kulia, akasema daktari huyo hajawahi kulima. Mpunga wake ulikuwa umeingia maziwa. Ukiibinya punje inatoa majimaji meupe, na huo ndio wakati ndege wadogo, kweleakwelea, hushuka kwa makundi. Mtoto wake aliyekuwa karibu ni mimi. Nikafunga chumba cha gemu, nikapanda bodaboda hadi Chara.

Kwetu kila mtu hufukuza ndege akiwa kwenye dungu lake, lakini kazi ni ya wote. Mashamba yamepangana kuufuata mto. Ndege wakiinuka kwa jirani yako wakielekea kwako, jirani anapiga kelele, "Hao waja!" Nawe lazima uitike, "Nawaona!" halafu uanze vita: kombeo na vidonge vya udongo, debe, na kamba zenye makopo zilizotandazwa juu ya mpunga. Wakiinuka kwako, unamwita anayefuata. Hivyo wanasukumwa shamba hadi shamba kuteremka mto, mpaka wachoke waingie msituni. Aliyeita akishaitikiwa hugeukia upande wake mwingine, hana haja tena ya kutazama nyuma. Jambo hilo tunalijua toka utotoni, na sijawahi kusikia mtu akielezwa.

Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa mama mmoja mzee, Mgiriama, aliyekuja na mumewe miaka mingi nyuma kutafuta pa kulima. Mumewe alifariki, yeye akabaki. Sote tulimwita Hawe, yaani bibi, kama wajukuu zake walivyomwita. Shamba lile hakulirithi. Kijiji kilimpa alime, na kila msimu kamati ya mashamba ilimwongezea ruhusa. Alikuwa mwembamba, na sauti yake pia ilikuwa nyembamba, lakini ilikwenda mbali. Asubuhi ya kwanza aliponiona nikipanda dungu na begi la mgongoni, alicheka.

"Mwanangu, umekuja kuamia ndege ama umekuja na ofisi?"

Nilimwambia ofisi yangu iko mfukoni. Mama alikuwa ameshawatangazia watu wote kwamba mimi hufanya kazi ya mtandao, nami sikuwahi kumsahihisha. Chumba cha gemu ni kazi, lakini mama alikuwa akikisema kwa namna ambayo ungedhani nina mkataba na serikali.

Kijijini simu ilishika kwa shida, ila juu ya dungu mtandao ulikuja safi. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Nilifunga kamba ya makopo kwenye kidole gumba cha mguu ili mikono ibaki huru, nikawa nafukuza ndege kwa mguu na kumtetea mkurugenzi kwa mikono. Kwa siku nne au tano mambo yalikwenda vizuri ajabu. Hawe akiita, naitika, mguu unacheza, makopo yanalia, sentensi inaendelea. Nilijisifu moyoni kwamba watu wa zamani walikosa tu ubunifu.

Siku yenyewe ilikuwa saa kumi jioni, wakati ndege wanakula kwa pupa kabla ya kwenda kulala. Jibu la kummaliza yule paka mwenye miwani lilikuwa limenijia. Lilikuwa refu, lenye mifano, na mfano mkubwa kuliko yote ulikuwa wa shamba. Niliandika kwamba kampuni ni kama shamba la mpunga: wanaokula wali wanaona sahani tu, hawaoni mtu aliyekaa juani akilinda. Niliandika hivyo, Mungu ni shahidi wangu. Kila nilipovuta mguu simu ilitikisika nikakosea herufi, kwa hiyo nilifungua kamba kidoleni, nikaiweka kando.

Nikasikia, "Hao waja!"

Nikajiambia, ngoja nimalize sentensi. Akaita tena. Nikajiambia, nimalizie hii moja tu. Akaita mara ya tatu, na safari hii alitaja jina langu. Nilisikia kila neno. Sikuwa nimelala, sikuwa nimeumwa na nyoka. Nilikuwa natafuta neno la kufungia aya.

Nilipobonyeza kutuma ndipo nikainua kichwa. Mpunga wa mama ulikuwa umegeuka rangi, umekuwa wa kahawia, na ile kahawia ilikuwa inatembea. Nilipiga debe, nikavuta kamba, nikapiga yowe. Waliinuka, wakazunguka, wakashuka tena palepale, maana ndege walioonja hawafukuziki kwa urahisi. Kisha kundi moja likageuka na kurudi juu ya mto, likaingia kwa Hawe kutokea upande wetu, upande ambao ni mimi niliyepaswa kuuziba. Nilimwona akihangaika kwenye dungu lake, anageuka huku, anageuka huku, mikono juu. Kiza kilipoanza kuingia waliondoka wenyewe. Masuke yalibaki yamesimama wima, mepesi, hayana kitu.

Mama aliniuliza akiwa amekaa mlangoni, kitambaa usoni. "Hawe hakukuita?"

"Sikumsikia," nikasema.

Nilidhani nimenunua jioni moja tu ya amani. Lakini kijiji kilichopoteza mpunga kinataka kujua ulipotea vipi. Neno langu lilitoka mlangoni kwa mama likaenda kwa jirani, likaenda kisimani, na kila lilipofika liliongezwa kitu. Hawe amezeeka. Hawe haiti siku hizi. Hata mwaka jana kuna siku alisinzia. Kufikia Jumapili watu walikuwa na habari kamili kuhusu uzee wa Hawe, na mimi niliyeileta sikuwa nimesema zaidi ya neno moja.

Kamati ilikaa kwenye baraza la kanisa baada ya ibada. Mwenyekiti, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alimuuliza Hawe mbele ya wote, "Mama, siku hiyo wewe uliita ama hukuita? Sema tu, hakuna mtu anakasirika."

Nilikuwa nimesimama nyuma, nimeegemea nguzo. Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni, watu wanajibu lile andiko langu refu, wengine wakilisifu. Nilijua nisipopaza sauti wakati ule sitaipaza tena. Hawe alinitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu, ilikuwa kama mtu anayeangalia kama mvua itanyesha.

"Mzee, labda sauti yangu imekwisha," akasema. "Kwa upande wangu niliita. Kama haikufika, haikufika."

Waliamua kwamba msimu unaofuata atahamishwa hadi shamba la mwisho, chini kabisa, linalopakana na msitu. Lilikuwa limelala miaka kadhaa kwa sababu hakuna aliyelitaka. Viboko hupitia hapo, na ndege wote wanaosukumwa kutoka juu humalizikia hapo. Walisema kwamba huko hata asipoita hatamharibia mtu. Shamba lake alipewa mtu mwingine mwenye kifua cha kuita.

Mama alinung'unika njia nzima kurudi nyumbani. Alisema si haki, mwanamke yule amemsaidia miaka yote, hata alipokuwa haoni vizuri ni yeye aliyemwambia ndege wako wapi. Nami, nikiwa nimemshika mkono nisimwache ajikwae, nilimjibu, "Mama, kamati haina ubaya. Kuongoza ni kufanya uamuzi mgumu."

Nilijisikia nikisema. Sentensi ilitoka tayari, laini, maana nilikuwa nimeifanyia mazoezi mwezi mzima. Aibu iliyonishika hapo sijaisahau, lakini aibu si kitendo, na mimi sikutenda kitu. Wiki iliyofuata nilirudi Garsen, nikafungua chumba, nikaendelea kukusanya watu wangu wa mpira.

Niliendelea pia kumtetea mkurugenzi, ila sasa kwa hasira. Zamani nilibishana nikicheka. Sasa mtu akiandika neno moja baya juu yake nilimrukia. Nilihitaji awe na haki. Nilihisi kwamba yeye akiwa na haki, basi na mimi nina kipande changu kidogo, kwamba wapo watu lazima waumie ili mambo yaende na aliyewaumiza si lazima awe mtu mbaya. Watu wa kundi waliniona nimebadilika. Yule paka aliandika, "Kaka, uko sawa kweli?" Nilimzuia asinifikie tena.

Miezi kadhaa baadaye, mpunga mwingine ukiwa tayari umeota, nilifungua simu asubuhi nikiwa nafagia chumba, nikakuta kundi zima linashangilia. Mkurugenzi alikuwa amebadili uamuzi. Gemu ya zamani ingerudishwa kwa walioinunua. Kuhusu waliofukuzwa hakusema mengi, lakini alisema kitu ambacho sikukitegemea. Alisema kampuni ilikosea, na kwamba yeye aliwasikia wachezaji tangu mwanzo, ila hakutaka kusikia.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki na ufagio mkononi. Kwanza nilikasirika, nataka kusema kweli. Nilikasirika kwa sababu aliniacha peke yangu. Nilimaliza miezi nikimpigania mtu ambaye hakuniomba, na sasa yeye mwenyewe, mwenye majengo na mawakili, ameweza kutamka neno ambalo mimi, mwenye padi sita, nimeshindwa kumwambia mwanamke mmoja mzee. Labda alilisema kwa kuogopa hasara. Sijui. Lakini alilisema. Nilifunga mlango kabla mteja wa kwanza hajafika, nikatafuta bodaboda ya kwenda Chara.

Hawe nilimkuta kwenye shamba la mwisho, anafunga upya ngazi ya dungu lake kwa kamba ya ukindu. Mpunga wake ulikuwa mfupi kuliko wa wengine, na upande mmoja ulikuwa umelazwa chini na viboko. Nilimwamkia, akaitikia.

"Hawe, siku ile nilikusikia."

"Najua," akasema, bila kuacha kamba. "Dungu lako si liko juu? Mtu wa juu aonekana. Kichwa kilikuwa chini hivi. Nikaita tatu. Ya nne nikasema, mwache, afanya kazi."

"Haikuwa kazi. Nilikuwa nabishana na watu juu ya bosi mmoja wa gemu."

"Bosi wako?"

"Hapana. Hanijui."

Hapo aliacha kamba, akanitazama vizuri, nikaona anajaribu kwa moyo wote kuelewa na haelewi. Nikamuuliza kwa nini hakusema kwa kamati, mbele ya watu wote, wakati alijua.

"Ningesema vipi? Mama yako alikuwa amekaa pale mbele na kitambaa. Ukitajwa wewe, angelia. Daktari amemkataza kulia." Akarudi kwenye ngazi yake. "Mimi shamba nilishazoea kupewa na kunyang'anywa. Jicho atapewa na nani lingine?"

Nililia mimi, mtu mzima, sikuwa na kitambaa wala daktari. Hawe aliniacha nilie mpaka nilipochoka.

Jumapili nilisimama barazani nikasema yote, hata habari ya kamba ya kidoleni, na watu wengine walicheka na wengine hawakucheka. Mama alikuwepo, jicho lake limeshapona, na aliniangalia kwa macho yote mawili mpaka nikamaliza. Hakulia. Mwenyekiti alisema kosa limeonekana, Hawe atarudishiwa shamba lake, lakini mpunga umeshaota na mtu mwingine ameutolea jasho, kwa hiyo hatuwezi kugusa kitu msimu huu. Alisema kweli. Nilitafuta hoja ya kumpinga, mimi bingwa wa hoja, sikuipata.

Kwa hiyo msimu ule, mpunga ulipoingia maziwa, nilifunga chumba tena, nikaenda kuamia ndege shambani kwa Hawe. Simu niliiacha nyumbani kwa mama. Siku ya kwanza, saa kumi jioni, sauti zilianza kushuka kutoka juu ya mto, shamba baada ya shamba, mpaka jirani yetu akapiga kelele, "Hao waja!" Nikaitika, "Nawaona!" Walikuja wote, ndege wa kijiji kizima. Nilivuta kamba, nikapiga debe, Hawe akarusha kombeo, na hatimaye wakainuka. Nami nikageukia upande wa chini kama tulivyozoea kwetu, nikaita kwa nguvu zangu zote, "Hao waja!" Nikanyamaza nisikilize. Mbele yangu kulikuwa na msitu tu. Nikaita tena.

"Huko hakuna mtu," Hawe alisema, akiokota kidonge kingine cha udongo. "Nami siku za kwanza nilikuwa nangoja vivyo hivyo."